Askofu Josiah Kibira (1925–1988) na Afya ya Kiroho ya Kanisa

Usharika unapotimiza miaka 100, kazi ya kwanza ya kamati ya maadhimisho huwa ni kuhesabu. Huhesabiwa waliobatizwa, waliobarikiwa kipaimara, ndoa zilizofungwa, majengo yaliyojengwa na wachungaji waliotoka katika usharika huo. Hesabu hizo ni ushuhuda wa wema wa Mungu, nazo zimepewa nafasi yake katika kitabu hiki. Hata hivyo, hesabu peke yake haitoshi kutuambia kama kanisa lina afya. Mti unaweza kuwa na majani mengi huku mzizi wake ukiliwa na mchwa. Kwa sababu hiyo imeonekana vema kuweka katika kumbukumbu hii maisha ya mtumishi mmoja wa Ziwa letu, ambaye kwa miaka mingi alifundisha, akaandika na kuonyesha kwa mwenendo wake ni nini kinachoifanya jamii ya Wakristo iwe hai mbele za Mungu. Huyu ni Marehemu Baba Askofu Josiah Mutabuzi Kibira wa Bukoba.

Wageni wetu wa dayosisi wanafahamu kwamba imani ya Kilutheri ilienea kandokando ya Ziwa Victoria kwa njia nyingi. Iko iliyoletwa na wamisionari, na iko iliyosafiri ndani ya meli pamoja na watu. Wakristo waliotoka Bukoba kuja Mwanza kwa biashara, kwa utumishi wa serikali, kwa kazi za bandari na za reli, walishuka bandarini wakiwa na vitabu vyao vya nyimbo, wakatafutana na kuanza kusali pamoja na ndugu waliotoka Kilimanjaro na sehemu nyinginezo. Kumkumbuka Askofu Kibira ni kukumbuka mojawapo ya chemchemi ambazo sisi sote wa mwambao huu tumekunywa maji yake.

Kanisa alimozaliwa

Josiah Kibira alizaliwa tarehe 28 Agosti 1925 huko Bukoba, katika kanisa ambalo bado lilikuwa changa. Historia ya kanisa hilo ina jambo moja la kuangaliwa sana. Kabla mmisionari yeyote wa Kiprotestanti hajapiga kambi Buhaya, walikuwako Wahaya waliokwisha kuisikia Injili nchini Uganda. Walijifunza kusoma huko, wakarudi nyumbani na vitabu vya Kiganda, wakakusanyika kusoma na kuomba, mara nyingine kwa siri kwa kuwaogopa wakuu wa nchi. Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani, wakiongozwa na Mchungaji Ernst Johanssen, walipofika mwaka 1910, walikuta watu waliokwisha kuamini.

Kanisa hilo lilipitia mikono mingi. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani. Baadaye walirejea, na Vita Kuu ya Pili ikawaondoa tena. Kutoka mwaka 1942 ndugu wa Sweden walikuja kusaidia, miongoni mwao akiwa Bengt Sundkler, ambaye baadaye alikuwa askofu wa kwanza wa kanisa hilo. Katika vipindi hivyo vya upungufu, kazi ilibebwa na walimu wa vijijini, wainjilisti na wazee wa kanisa, watu wasiokuwa na mshahara wa maana wala elimu kubwa. Kijana Kibira alikulia miongoni mwa watu wa namna hiyo. Alijifunza mapema kwamba kanisa linaweza kuishi bila mmisionari, lakini haliwezi kuishi bila waumini wanaosali.

Uamsho

Katika miaka ya 1930 moto wa uamsho uliwaka Gahini nchini Rwanda, ukaenea Uganda, na mwishoni mwa muongo huo ukavuka kuingia Buhaya. Watu walisimama mbele ya wenzao wakaungama wizi, uzinzi, chuki na uchawi. Walirudisha mali walizoiba. Mabwana na wake zao waliombana radhi. Wimbo wa Tukutendereza ulisikika njiani, mashambani na kwenye mikutano iliyokesha hadi alfajiri. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Kibira naye, akiwa kijana aliyesoma na aliyelelewa katika dini, aliguswa na kuokoka. Tangu siku hiyo hadi mwisho wa maisha yake alijihesabu kuwa mmoja wa ndugu wa uamsho.

Lakini uamsho ulileta pia majaribu. Baadhi ya waliookoka waliwadharau wachungaji wao na kuwahesabu wote wasioimba nao kuwa wapagani waliobatizwa. Kwa upande wa pili, baadhi ya viongozi waliona kelele na utovu wa utaratibu tu, wakataka kuuzima moto wenyewe. Katika miaka ya 1950 kundi moja lilijitenga na kuunda kanisa lake. Hapo ndipo swali la afya ya kanisa lilipokuwa swali la kweli, lenye kugawa nyumba na ukoo. Je, kanisa lenye afya ni lile lenye utaratibu, liturujia na sakramenti zilizotunzwa, au ni lile lenye watu wanaolia kwa ajili ya dhambi zao?

Kibira hakukubali kuchagua kimojawapo na kukiacha kingine. Alibaki katika uamsho, na alibaki katika kanisa. Njia hiyo haikuwa nyepesi, kwa maana mtu anayesimama katikati hulaumiwa na pande zote mbili. Lakini tunda lake tunaliona hadi leo. Katika sharika nyingi za Ziwa, vikundi vya uamsho hukutana juma zima, na siku ya Bwana watu haohao huketi pamoja na waumini wengine na kukaribia Meza moja. Mahali ambapo toba ilikosa utaratibu, watu walitawanyika. Mahali ambapo utaratibu ulikosa toba, ibada ilibaki kuwa desturi. Uzima ulidumu pale mambo hayo mawili yalipokubali kukaa nyumba moja.

Mwalimu, mchungaji, askofu

Kibira alianza kama mwalimu wa shule. Kutoka mwaka 1957 alisoma teolojia Betheli nchini Ujerumani, na mwaka 1960 aliwekewa mikono ya uchungaji. Baadaye alikwenda Marekani katika Chuo Kikuu cha Boston, ambako aliandika juu ya Ukristo miongoni mwa watu wake mwenyewe. Wakati huo mambo mengi yalikuwa yakibadilika nyumbani. Nchi ilipata uhuru mwaka 1961. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, ambalo leo ni KKKT. Mwaka 1964 Kibira aliwekwa wakfu kuwa askofu, akampokea kazi Askofu Sundkler, na kuwa Mwafrika wa kwanza kuiongoza dayosisi ambayo sasa inaitwa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi.

Alikuwa na umri wa miaka 39. Dayosisi aliyokabidhiwa ilikuwa na shule, hospitali ya Ndolage na kazi nyingi nyinginezo zilizozoea kutegemea fedha na watumishi kutoka ng'ambo. Askofu Kibira alithamini urafiki wa makanisa ya Ulaya na Marekani, lakini alitaka Wakristo wa Buhaya wajue kwamba kanisa ni lao, na kwamba utoaji wao ni sehemu ya ibada yao. Kanisa linalopokea tu, bila kutoa, hudhoofika kama mtoto asiyeachishwa ziwa.

Ukoo na Meza ya Bwana

Mwaka 1974 Askofu Kibira alichapisha kitabu chake kwa lugha ya Kiingereza juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu. Mafundisho ya kitabu hicho yalitoka moja kwa moja katika maisha ya wasikilizaji wake. Mhaya alijua maana ya kuwa na ukoo. Ukoo ulimpa mtu jina, shamba la migomba, walezi akiwa yatima na wazishi akifa. Mtu asiye na ukoo alikuwa si kitu. Aidha, palikuwa na desturi ya omukago, ambayo kwayo watu wawili wasio wa damu moja walishiriki buni iliyotiwa damu zao, wakawa ndugu wasioweza kusalitiana tena.

Askofu aliona kwamba watu wanaoelewa mambo hayo hawana haja ya kuelezwa kwa maneno magumu ushirika wa kanisa ni nini. Kanisa ni ukoo mpya, na damu inayouunganisha ni ya Kristo. Anayekula na kunywa Mezani pa Bwana amejifunga na wote wanaokula na kunywa pamoja naye. Kwa hiyo hawezi kuondoka hapo akaendelea kumnyima jirani maji, kumdhulumu mjane wa ndugu yake shamba, au kumkataa mchumba wa mwanawe kwa sababu tu ya kabila.

Hata hivyo hakuacha kuonya. Ukoo una wema wake, na una udhaifu wake pia: humlinda aliye ndani na kumsahau aliye nje. Kanisa likiwa ukoo wa watu wachache waliozoeana, limeanza kuugua. Onyo hilo lina uzito wa pekee kwa jiji kama Mwanza, ambako katika benchi moja huketi Msukuma, Mhaya, Mchaga, Mjita na Mkerewe. Usharika hujulikana afya yake mgeni anapoingia na kuketi peke yake.

Mtumishi wa ulimwengu

Mwezi Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lililoanzishwa Lund nchini Sweden mwaka 1947, lilifanya Mkutano Mkuu wake wa sita jijini Dar es Salaam. Ulikuwa wa kwanza kufanyika katika bara la Afrika, na neno lake kuu lilihusu jumuiya mpya katika Kristo. Katika mkutano huo Askofu Kibira alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Marais wote waliomtangulia walitoka Ulaya na Marekani.

Mkutano huohuo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika si jambo la siasa tu ambalo Wakristo wanaweza kutofautiana juu yake. Ni jambo linalogusa ungamo la imani. Kanisa linalowatenga watu kwenye Meza ya Bwana kwa sababu ya rangi limeikana Injili linayoihubiri. Katika Mkutano Mkuu wa Budapest mwaka 1984, mwishoni mwa kipindi cha urais wa Askofu Kibira, makanisa mawili ya wazungu ya kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa kutoukataa ubaguzi huo waziwazi. Uamuzi huo ulikuwa mchungu, lakini kusudi lake lilikuwa kuponya. Mwaka 1991 makanisa hayo yalipokelewa tena.

Wakati alipokuwa akibeba mizigo ya ulimwengu, nyumbani hapakuwa shwari. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini mwa mto Kagera. Watu waliuawa, nyumba zikabomolewa, mifugo ikaporwa, na maelfu wakakimbia. Kisha, mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huohuo wa Kagera, na katika miaka iliyofuata makaburi na yatima viliongezeka katika karibu kila kijiji. Kanisa lililojifunza kuwa ukoo wa Kristo lilijaribiwa hapo kama kweli lingewalea watoto wasio wa damu yake. Bibi wengi, wainjilisti na akina mama wa sharika waliwapokea. Huo nao ni uamsho, ingawa haukuwa na mikutano mikubwa.

Mwisho wa safari

Katika miaka yake ya mwisho Askofu Kibira aliugua maradhi ya kutetemeka, na mtu aliyezoea kusimama mbele ya mikutano ya mataifa alilazimika kutegemea msaada wa wengine. Alistaafu, na Askofu Samson Mushemba akashika usukani wa dayosisi. Mwezi Julai 1988 Bwana alimwita mtumishi wake, akiwa hajatimiza miaka 63.

Mambo ya kujifunza

Maisha haya yanatuachia vipimo vichache ambavyo usharika wetu unaweza kujipima navyo unapoanza karne yake ya pili. Kwanza, je, toba ingali inasikika kati yetu, kuanzia kwa viongozi? Pili, je, wenye bidii ya kiroho na wenye kutunza utaratibu wanaheshimiana na kukaribia Meza moja? Tatu, je, tunautunza usharika kwa mikono yetu wenyewe, na kuwatumikia walio nje yake? Nne, je, mgeni, yatima na mjane wanapata ukoo ndani ya kuta zetu? Tano, je, tunathubutu kusema kweli dhuluma inapofanywa, hata na walio wetu?

Majengo yetu yatachakaa na yatakarabatiwa. Wazee wetu wameanza kuondoka mmoja mmoja. Watakaoandika kitabu cha miaka 200 watahesabu tena, kama sisi tulivyohesabu. Mungu atujalie wakute chini ya hesabu hizo watu waliotubu, waliopendana, na waliowafungulia wengine mlango. Jina la Bwana lihimidiwe.