Sewa Haji wa Bagamoyo

Ndugu msomaji, ukifika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, utasikia watu wakitaja wodi za Sewahaji. Wagonjwa wengi wamelazwa humo. Pengine hata wewe umekwenda kumtazama jamaa yako huko. Lakini je, unajua kwamba Sewa Haji alikuwa mtu? Tena alikuwa mtu wa Bagamoyo. Soma sasa habari za maisha yake.

Baba yake aliitwa Haji Kanji. Kwao kulikuwa Kutch, magharibi ya India, karibu na bahari. Zamani hizo watu wa huko walivuka bahari kwa majahazi. Kaskazi ilipovuma, majahazi yalikuja pwani yetu. Kusi ilipoanza, yalirudi kwao. Lakini si watu wote waliorudi. Wengine walikaa, wakafungua maduka, wakaoa, wakazaa. Haji Kanji alikuwa mmoja wao. Alifanya biashara Unguja, na baadaye biashara yake ikafika Bagamoyo.

Sewa alizaliwa mwaka 1851. Neno Haji katika jina lake lisikudanganye. Si kwamba alikwenda kuhiji Makka. Ni jina la baba yake tu, kama vile wewe unavyoitwa kwa jina lako na la baba yako. Watu wa nyumba yao walikuwa Waislamu wa madhehebu ya Ismailia. Sewa alishika kazi ya biashara Bagamoyo akiwa bado kijana.

Sasa jaribu kuuona mji wa Bagamoyo wa wakati huo. Hakukuwa na reli wala motokaa. Pembe za ndovu zilitoka bara, Tabora na Ujiji na mbali zaidi, nazo zilikuja pwani juu ya mabega ya watu. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilikwenda bara kwa njia hiyo hiyo. Watu waliobeba mizigo hiyo waliitwa wapagazi. Wengi walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili. Frasila moja ni kilo 16 hivi. Piga hesabu mwenyewe, kisha fikiri: mtu anabeba mzigo huo kutoka Tabora hadi Bagamoyo, safari ya miezi kadhaa, katika jua na mvua, pamoja na chungu chake na mkeka wake. Wengine waliugua njiani. Wengine walikufa njiani na hawakuonekana tena.

Katika njia hizo walipita watumwa pia. Biashara ya watumwa iliendelea pwani kwa miaka mingi, hata baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873.

Misafara ya bara ilipoanza kufika, maelfu ya wapagazi walijaa Bagamoyo. Walitua mizigo, wakapumzika, wakangoja kazi ya kurudi nayo. Na mtu aliyetaka kusafiri bara alihitaji vitu viwili. Alihitaji wapagazi, na alihitaji nguo na shanga za kununulia chakula njiani na kulipia ushuru kwa watemi. Vyote viwili alivipata kwa Sewa Haji. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndiyo iliyomtajirisha.

Mwaka 1871 alikuja Bagamoyo Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani. Alikuwa anakwenda kumtafuta Daktari Livingstone. Stanley alikaa Bagamoyo wiki nyingi akitafuta wapagazi. Mwishowe alisaidiwa na Sewa Haji, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kama 20 tu. Wapagazi walipatikana, safari ikaondoka, na mwaka huo huo Stanley alimkuta Livingstone Ujiji. Lakini baadaye Stanley aliandika kitabu, na humo alimlaumu sana kijana huyo. Alisema alimpunja katika bei na katika hesabu za nguo.

Je, maneno hayo ni ya kweli? Stanley alikuwa mwepesi wa kulaumu watu, kwa hiyo tusiyameze yote. Lakini tusijidanganye pia. Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara, na faida yake ilitoka mabegani mwa wapagazi. Yeye hakubeba frasila hata moja. Lazima ulikumbuke jambo hili unapoendelea kusoma, maana mtu huyu ana pande mbili, na zote mbili ni zake.

Mwaka 1888 Wajerumani walikuja kushika pwani. Watu wa pwani hawakukubali. Walipigana nao wakiongozwa na Abushiri bin Salim, na vita vilifika Bagamoyo yenyewe. Nyumba nyingi ziliharibika, na watu wengi walikimbilia misheni ya mapadri kujificha. Mwezi wa Desemba mwaka 1889 Abushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani. Bagamoyo ikawa makao makuu ya serikali ya Wajerumani, mpaka mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam.

Sewa Haji hakupigana. Aliendelea na biashara yake chini ya wakubwa wapya, na misafara yao ilihitaji wapagazi kama misafara ya zamani. Mtu anaweza kumlaumu kwa hilo. Lakini katika miaka hiyo alianza kufanya mambo ambayo wafanyabiashara wengine hawakuyafanya.

Alitoa visima vya maji kwa watu wa Bagamoyo. Wewe unayeteka maji kila siku unajua kisima ni kitu gani. Aliwasaidia maskini na wagonjwa wa ukoma. Watu hao walitunzwa na mapadri wa misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868. Mapadri walikuwa Wakristo na yeye alikuwa Mwislamu, lakini hilo halikumzuia kutoa fedha zake.

Kisha akatoa shule. Mwaka 1892 aliwapa Wajerumani nyumba kubwa ya ghorofa hapo Bagamoyo iwe shule. Lakini hakuwapa bila sharti. Alitaka watoto wa rangi zote wasome humo, wa Kiafrika na wa Kihindi pia.

Ndugu msomaji, usilione sharti hilo kuwa dogo. Utawala wa kigeni uliwagawa watu kwa rangi. Mzungu alikuwa na pahali pake, Mhindi pake, Mwafrika pake, na pa Mwafrika palikuwa pa mwisho. Waingereza walipokuja baada ya Wajerumani, waliendelea na shule za kila rangi mbalimbali mpaka karibu na uhuru. Sewa Haji aliweka sharti lake karibu miaka 70 kabla ya Tanganyika kupata uhuru mwaka 1961. Hakuwa na cheo serikalini, wala jeshi. Alikuwa na nyumba tu, na aliitumia nyumba hiyo kusema alilotaka.

Mambo ya hospitali yalikuwa hivyo hivyo. Wajerumani walijenga hospitali nzuri Dar es Salaam, ufukoni mwa bahari, pale tunapopaita Ocean Road. Ilifunguliwa mwaka 1897, na ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi waende wapi? Sewa Haji alitoa fedha ijengwe hospitali yao, nayo ikaitwa kwa jina lake.

Yeye mwenyewe hakuishi kuona kazi yake ikiendelea. Alifariki Unguja tarehe 10 Februari 1897, akiwa na miaka kama 46. Aliacha wasia. Katika wasia huo alitoa nyumba na mashamba, akaagiza kwamba kodi na mapato yake yatumiwe kwa ajili ya wagonjwa, wenye ukoma na maskini wa Bagamoyo. Kwa hiyo mali iliyotoka katika njia ya misafara, sehemu yake ilirudi kwa watu wa mji ule ule ambao wapagazi walitua mizigo yao.

Hospitali ya Sewa Haji ya Dar es Salaam ilitibu watu kwa miaka mingi, wakati wa Wajerumani na wakati wa Waingereza. Katika miaka ya 1950 Waingereza walijenga hospitali mpya kubwa zaidi, wakaipa jina la binti mfalme wao, Margaret. Baada ya uhuru jina hilo liliondolewa, na hospitali ikaitwa Muhimbili. Jina la Sewa Haji halikuondolewa. Lilipewa wodi, na mpaka leo wauguzi na wagonjwa hulitaja kila siku.