Gary Kildall, mtu aliyewezesha programu moja kutembea kwenye mashini nyingi

Wakaaji wa Goma wanaonunua chaja kutoka Kampala wanaijua hii shida: meno ya chaja ni matatu na ya bapa, lakini prizi ya nyumbani inapokea mawili ya mviringo. Umeme upo, simu iko nzima, ila bila adapta haichaji.

Kwenye miaka ya 1970, kompyuta ndogo za kwanza zilikuwa na shida ya namna hiyo. Kila kampuni ilitengeneza mashini kivyake: kioo chake, kibodi yake, namna yake ya kusoma diski. Programu iliyofanya kazi kwenye mashini moja ilikataa kwenye nyingine. Aliyeiandika alipaswa kuirudilia, na hiyo kazi ilikula miezi na pesa.

Aliyepunguza huo mzigo ni Gary Kildall. Alizaliwa Seattle, Marekani, tarehe 19 Mei 1942, katika familia iliyokuwa na shule ya mabaharia. Alisoma kompyuta mpaka udaktari, akafundisha kwenye shule ya juu ya jeshi la majini kule Monterey, California, huku akifanyia kampuni ya Intel kazi za pembeni.

Mwaka 1974 aliandika CP/M, programu ya msingi inayoongoza diski na kufungua programu zingine. Intel haikuona faida ndani yake, ikamwachia. Basi yeye na mke wake, Dorothy McEwen, wakaanzisha kampuni yao, iliyokuja kuitwa Digital Research.

Wateja walipoongezeka, Kildall akachoka kurekebisha CP/M nzima kila mara mashini mpya ilipotokea. Akaigawa. Sehemu kubwa ikabaki ileile kila pahali. Mambo yote ya mashini yenyewe, kama vile kioo, kibodi na diski, akayaweka kwenye sehemu ndogo aliyoiita BIOS. Kuanzia hapo, mwenye mashini mpya aliandika BIOS yake tu. Programu ya kuandika barua kama WordStar haikuulizwa tena ni diski ya nani: iliomba CP/M, na CP/M ikaomba BIOS.

Lakini shida haikuisha yote. CP/M ilihitaji chipu ya Intel 8080 ao ndugu yake Z80. Mwenye Apple II alipaswa kuongeza kadi yenye Z80. Tena diski ndogo za kampuni mbalimbali zilipangwa tofauti, kwa hiyo programu ingeweza kukubali mashini, lakini mashini ikashindwa kusoma diski iliyoibeba.

Mwaka 1980 IBM ilikuja kutafuta programu ya msingi kwa ajili ya kompyuta yake mpya. Mpaka leo watu hawapatani juu ya yaliyosemwa siku ile. Kinachojulikana ni kwamba mapatano hayakufanyika. Microsoft ndiyo iliyopata kazi, kwa kununua programu ya kampuni moja ya Seattle iliyofuata mpango wa CP/M kwa karibu sana. Kildall alilalamika, na IBM ikakubali kuuza zote mbili. Kumbe bei ndiyo iliamua: ya Microsoft dola 40, ya Kildall dola 240. Wanunuzi hawakufikiri mara mbili.

Kildall hakukaa bure. Alisaidia kuweka ensiklopedia nzima kwenye CD, na kwa miaka kadhaa alikuwa mtangazaji mwenza wa kipindi cha televisheni juu ya kompyuta. Mwaka 1991 Digital Research iliuzwa kwa Novell. Alikufa Monterey tarehe 11 Julai 1994, siku chache kisha kuumia kichwa, akiwa na miaka 52.

Soko lilimpita, lakini mgawanyo wake ulibaki. Programu zinaweza kuhama kutoka laptop moja hadi nyingine ya kampuni tofauti kwa sababu kuna sehemu ya katikati inayoijua mashini kwa niaba yao. Hata jina limebaki: fundi wa Goma anayewasha laptop ya mteja na kubonyeza F2 ao Del, mpaka leo anasema anaingia kwenye BIOS.