Laveran na vijidoa vyeusi ndani ya damu

Kila tunapogusa malaria kwenye kipindi cha afya, swali moja halikosi kutufikia: mbona mtoto aliyeugua malaria anakuwa mweupe viganja na midomo, amelegea, na pengine anaongezewa damu? Hiyo damu imekwenda wapi, wakati hakujikata wala hakutoka damu puani? Aliyetuanzishia njia ya jibu hilo ni daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran.

Alizaliwa Paris tarehe 18 Juni 1845. Baba yake naye alikuwa daktari wa jeshi, na kwa kazi ya baba familia ilihamia Algeria kwa miaka kadhaa Laveran akiwa bado mtoto. Alisomea udaktari Strasbourg, akamaliza mwaka 1867, na vita vya Ufaransa na Ujerumani vya 1870 vilimkuta tayari anatibu majeruhi.

Mwaka 1878 alipelekwa Algeria, kwanza mji wa Bône (leo Annaba), kisha Constantine. Wodi zilijaa askari wenye homa. Wakati ule wakubwa wa tiba waliamini malaria inatokana na hewa mbaya ya mabwawa, na jina lenyewe kwa Kiitaliano lina maana hiyo. Kwinini ilikuwepo na ilisaidia, ila hakuna aliyejua inapambana na nini.

Laveran alianza na maiti. Alipowapasua waliokufa kwa malaria aliona wengu, ini, hata ubongo umeingia rangi nyeusi. Madaktari wengine waliiona kabla yake wakadhani ni uchafu wa mwili tu. Yeye aliamua kuifuatilia kwa watu walio hai. Akawa anatoa tone la damu la mgonjwa, bila kulitia dawa ya rangi, na kulitazama kwa hadubini ambayo leo fundi wa maabara wa kituo cha afya angeicheka.

Tarehe 6 Novemba 1880, katika damu ya askari mmoja mwenye homa, aliona kitu cha mviringo chenye vijidoa vyeusi, na pembeni yake nyuzi nyembamba zikichapachapa kama mijeledi. Uchafu hauchezi hivyo. Kilikuwa kiumbe hai. Aliendelea kupima wagonjwa hadi 192, akavikuta vimelea hivyo kwa 148.

Sasa tueleze hivyo vijidoa vyeusi, maana hapo ndipo jibu lilipo. Chembe nyekundu ya damu imejaa himoglobini, ile inayobeba hewa ya oksijeni na kuipa damu wekundu wake. Kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe na kuila himoglobini kama funza ndani ya embe. Lakini kila himoglobini ina vipande vinne vyenye madini ya chuma, viitwavyo hemu, na hemu ikiwa huru ni sumu, hata kwa kimelea chenyewe. Kwa hiyo kimelea huigandisha iwe punje ngumu nyeusi zisizomdhuru. Hizo punje, kwa jina la kitaalamu hemozoini, ndizo alizoziona Laveran.

Chembe ikishaliwa hupasuka. Vimelea vipya hutoka kutafuta chembe nyingine, na hemu ambayo haikugandishwa humwagika kwenye damu. Mwili una protini za kuizoa, lakini chembe zikipasuka nyingi kwa mara moja, protini hizo huzidiwa. Hapo hemu hujipenyeza kwenye ngozi laini ya chembe zilizo nzima, na chuma chake huharibu mafuta ya ngozi hiyo kama kutu inavyokula bati. Chembe hukakamaa, huvuja, hupasuka, au wengu huiondoa. Hii ni mojawapo ya sababu mgonjwa hupoteza hata chembe ambazo kimelea hakikuziingia. Himoglobini nyingi ikipita kwenye figo, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Mgonjwa wa namna hiyo asisubiri asubuhi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Haya ya hemu yalikuja kueleweka baadaye. Laveran yeye alikuwa na kazi ya kuaminiwa tu. Mwaka 1882 alikwenda Roma, akavikuta vimelea vilevile kwa wagonjwa wa huko na kuwaonyesha wataalamu wa Italia. Walimwambia hizo ni chembe nyekundu zilizoharibika, basi. Wengine walishikilia kwamba malaria inaletwa na bakteria wa udongoni. Hakugombana nao sana, alirudi kwenye hadubini. Mwaka 1884 alimwonyesha Louis Pasteur zile nyuzi zikichapa, na Pasteur akakubali. Waitaliano nao walikuja kukubali, tena wakafanya kazi kubwa juu ya ugonjwa huu. Kwamba mbu ndiye mbebaji, hilo lilithibitishwa na Ronald Ross kule India kuanzia 1897.

Jeshi halikumthamini ipasavyo, kwa maoni yetu. Aliliacha mwaka 1896 akaenda Taasisi ya Pasteur, Paris, akifanya utafiti bila mshahara, hasa kuhusu vimelea vya jamii ya malale. Mwaka 1907 alipata Tuzo ya Nobel, na nusu ya fedha hizo akaitoa ijengwe maabara ya magonjwa ya nchi za joto. Yeye na mkewe Sophie hawakujaliwa watoto. Alifariki Paris tarehe 18 Mei 1922.

Miaka kumi na miwili baadaye, 1934, klorokwini ilitengenezwa Ujerumani. Wazee wetu wanaukumbuka uchungu wake na ule muwasho. Dawa ile ilikizuia kimelea kugandisha hemu, kikafa kwa sumu ya chakula chake chenyewe, mpaka vimelea vilipojifunza kuitoa nje na Tanzania ikaacha kuitegemea mwaka 2001.