Hayati Edward Moringe Sokoine: Mwadilifu wa Enzi ya Uhaba

Edward Moringe Sokoine alizaliwa tarehe 1 Agosti 1938 huko Monduli, katika nchi ya Wamaasai iliyogawanywa na mpaka wa kikoloni. Ng'ambo ya Namanga, Wamaasai wenzake wa Kajiado wakawa Wakenya.

Aliingia bungeni mwaka 1965, na Februari 1977 akateuliwa Waziri Mkuu wa Tanzania. Mwezi huo huo mpaka wa Kenya ulifungwa. Mwaka huo pia sheria ilipiga marufuku tiba ya binafsi ya kujipatia faida, kwani Ujamaa uliahidi matibabu bila malipo kwa wote. Lakini baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79 na kupanda kwa bei ya mafuta ulimwenguni, zahanati zilipungukiwa na dawa, na maduka yakakosa sabuni na sukari. Bidhaa za Kenya zikaingia kwa magendo kupitia njia za panya.

Sokoine alijiuzulu mwaka 1980. Aliporejeshwa Februari 1983, aliwaandama walanguzi na wahujumu uchumi. Maghala yalisakwa, na wanyonge wakamshangilia. Hata hivyo, msako ulifichua kilichofichwa tu; haukuweza kuzalisha kisichokuwepo. Novemba 1983 mpaka ulifunguliwa, Namanga ikapumua.

Tarehe 12 Aprili 1984, Sokoine alifariki katika ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro. Chuo Kikuu cha Kilimo mkoani humo kina jina lake. Uadilifu wake haukutiliwa shaka; ila kidole kimoja hakivunji chawa.