Fritz Pollard: kocha aliyevishwa pete akiwa kaburini

Haya wadau, leo tuuache kidogo mpira wa miguu tuliouzoea. Namleta kwenu mzee mmoja wa mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti na kukimbia na mpira wenye umbo la yai.

Fritz Pollard alizaliwa Chicago mwaka 1894. Kimwili alikuwa mdogo kwa mchezo ule wa kugongana, ila mbio alikuwa nazo. Akasoma Chuo Kikuu cha Brown, na mwaka 1916 akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo kule California.

Baadaye akatua Akron, Ohio, mji wa viwanda vya matairi. Mwaka 1920 timu yake, Akron Pros, ilimaliza msimu bila kufungwa, ikabeba ubingwa wa kwanza wa ligi ambayo leo ndiyo NFL. Mwaka 1921 akapewa na ukocha huku bado anacheza. Mweusi wa kwanza kufundisha kwenye ligi hiyo!

Msidhani alikuwa anakula raha. Mashabiki walimtukana na kumrushia mawe. Nguo za mechi alivalia kwenye jengo la sigara la mwenye timu. Akiangushwa uwanjani aligeuka chali fasta na kuzungusha miguu hewani kama anaendesha baiskeli, ili wapinzani wasimrukie makusudi.

Halafu kibao kikageuka. Kuanzia 1934 mpaka 1945 ligi haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Pollard hakukaa chini kulia. Mwaka 1935 alianza kuifundisha Brown Bombers ya Harlem, New York, timu ya weusi watupu, watu waone kwamba vipaji vipo.

Alifariki mwaka 1986 akiwa na miaka 92. Kocha mkuu mweusi aliyemfuatia NFL, Art Shell, alipatikana 1989. Na Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kulipwa pale Canton, Ohio, ulimwingiza 2005, miaka 19 baada ya kifo chake.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Sasa wadau, pete ya marehemu anaivaa nani? Mtaani kwako yupo kocha anayefundisha watoto bila hata nauli. Kampe asante yake leo, angali anaisikia.

Mnasemaje?