Sheikh Ramiya: mtoto wa Maniema aliyeuzwa utumwani, akawa liwali wa Bagamoyo

KINDU – Waislamu wa Kindu, Kasongo na Nyangwe husoma Maulidi wakitumaini thawabu mbele ya Mungu. Si wengi wanaokumbuka kwamba ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Bagamoyo kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, Maulidi ya kila mwaka yalipata sifa kubwa kupitia mtu aliyezaliwa huku kwetu: Yahya bin Abdallah, anayejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya.

Alichukuliwa akiwa mtoto, karne ya 19, wakati misafara ya pembe na watumwa ilipokuwa ikitoka Maniema, ikivuka ziwa na kupita Ujiji na Tabora hadi pwani. Bagamoyo alinunuliwa na Amir bin Sulaiman al-Lamki, Mwarabu wa Oman aliyekuja kuwa liwali wa mji huo. Hata jina la baba alilobeba, Abdallah, maana yake mtumishi wa Mungu, ndilo walilokuwa wakipewa wengi walioingia Uislamu bila kuwa na baba mwislamu.

Pwani ya wakati ule ilikuwa na ngazi zake. Waungwana walikaa juu, na watu wa bara, Wamanyema wakiwemo, waliitwa washenzi. Mtumwa alihubiriwa kwamba akimwabudu Mungu vizuri na kumtumikia bwana wake kwa uaminifu, atapata thawabu mara mbili. Fundisho hilo limo katika hadithi za Mtume, lakini liliwafaa sana mabwana waliotaka watumwa watulie, wangojee malipo yao kaburini.

Ramiya hakungojea. Alisoma Kurani, fikihi na Kiarabu hadi akawa mwanachuoni, akapata uhuru, akafungua madrasa yake. Kisha akaingia tarika ya Qadiriyya, inayomfuata Abdul Qadir al-Jilani wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1166. Katika Afrika Mashariki tarika hiyo ilienezwa sana na Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa Somalia mwaka 1909.

Ndani ya Qadiriyya, mlango ulikuwa wazi. Kwenye duara ya zikri, mtumwa wa jana alisimama bega kwa bega na mwungwana, wakitaja jina moja la Mungu. Kwa watu waliokuwa wamenyang'anywa ukoo na nchi, imani kwamba Siku ya Kiyama mizani hupima matendo, si nasaba, haikuwa maneno matupu. Ramiya akawa kiongozi mkubwa wa tarika Bagamoyo, na watu walitoka mbali kuhudhuria Maulidi yake.

Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji kutoka mikononi mwa Wajerumani. Chini ya utawala wao, Ramiya akawa liwali. Cheo alichokuwa nacho bwana aliyemnunua kikawa chake.

Alifariki mwaka 1931. Waislamu wanaamini kwamba mtu akifa matendo yake hukatika, isipokuwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Ramiya aliacha madrasa na wanafunzi waliopeleka tarika sehemu nyingine. Aliacha pia mtoto, Sheikh Muhammad Ramiya, aliyeshika nafasi yake na baadaye akaunga mkono chama cha TANU cha Julius Nyerere katika kudai uhuru wa Tanganyika.

Lakini mizani ina pande mbili. Hadithi za Mtume zinafundisha pia kwamba anayemuuza mtu huru na kula bei yake, Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wake siku ile. Na wanachuoni wanasema haki ya mtu haifutwi kwa sala wala kwa saumu, mpaka aliyedhulumiwa arudishiwe haki yake au asamehe. Wengi walioongoza misafara ya Maniema walikuwa waislamu, waliosali njiani huku minyororo ikilia nyuma yao. Ramiya alipanda hadi juu, ila maelfu waliotoka naye kando ya Lualaba hawakufika hata pwani. Kwa imani hiyo hiyo iliyomwinua yeye, hesabu yao bado iko wazi.