Edward Tingatinga: Mchoraji wa Msasani Aliyeigeuza Sanaa Kuwa Ajira

Ni Watanzania wachache ambao majina yao yamegeuka kuwa jina la mtindo mzima wa sanaa, na anayejulikana zaidi kati yao ni Edward Saidi Tingatinga. Picha za wanyama na ndege zenye rangi kali zinazouzwa Msasani, Mwenge na katika Mji Mkongwe wa Zanzibar huitwa tingatinga hata na wanunuzi wasiojua kwamba hilo lilikuwa jina la mtu. Nyuma ya jina hilo yapo maisha ya mwananchi aliyetoka kusini mwa nchi bila mtaji, akachora kwa takribani miaka minne tu, akafariki akiwa na umri wa miaka 40, na kuacha kazi inayolisha familia nyingi hadi leo.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Ruvuma. Kama vijana wengi wa kusini wa enzi hizo, aliondoka kwao kwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, zao lililokuwa tegemeo kubwa la uchumi wa Tanganyika ya kikoloni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alihamia Dar es Salaam, akapokelewa na ndugu yake na kupata kazi ya nyumbani kwa ofisa wa Kiingereza. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 waajiri wa aina hiyo walianza kurejea kwao, naye akabaki akitafuta riziki kwa kazi za vibarua huku akiishi Msasani, ambayo leo ni sehemu ya Wilaya ya Kinondoni.

Makazi hayo yaliamua mengi katika maisha yake. Msasani ilikuwa kijiji cha wavuvi, lakini jirani yake Oyster Bay ilikuwa imejengwa kwa ajili ya makazi ya Wazungu, na baada ya Uhuru iliendelea kukaliwa na mabalozi, wataalamu wa kigeni na viongozi. Wakazi wake walikuwa wakinunua mahitaji ya nyumbani katika maduka ya Morogoro Stores. Mtu wa Msasani aliyekuwa na kitu cha kuuza hakuhitaji nauli kuwafikia wanunuzi wenye fedha, bali alihitaji bidhaa ambayo wangesimama kuitazama.

Bidhaa hiyo Tingatinga aliipata karibu mwaka 1968. Katika miaka hiyo wachoraji kutoka Kongo walikuwa wakiuza picha zao katika mitaa ya Dar es Salaam, na inaelezwa kuwa biashara yao ndiyo iliyompa wazo la kujaribu. Hakuwa amesomea uchoraji, wala hakuwa na uwezo wa kununua vifaa vya wasanii. Alitumia hadibodi, yaani mbao nyembamba ambazo mafundi huzipigilia kwenye dari, pamoja na rangi za mafuta zilizouzwa madukani kwa ajili ya kupaka baiskeli na nyumba.

Uchaguzi huo ulitokana na uhaba, lakini uliifaa biashara. Hadibodi ya futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2 bila kubakiza hata kipande cha kutupa, na picha nyingi za Tingatinga zina umbo la mraba lenye upande wa takribani sentimita 60. Picha ya kipimo hicho hubebwa kwapani kutoka nyumbani hadi barazani, na mnunuzi huiweka kwenye kiti cha nyuma cha gari na kuondoka nayo. Rangi ya mafuta nayo hung'aa bila kuhitaji kioo, na vumbi la barabarani hufutwa kwa kitambaa.

Hata hivyo, rangi hiyo inahitaji subira. Usuli wa rangi moja hupakwa kwanza na kuachwa ukauke, ndipo mnyama achorwe, na mwishoni huwekwa madoa na mistari inayoipa picha uhai. Picha zikipangwa moja juu ya nyingine kabla ya kukauka hugandana, na kazi ya siku kadhaa huharibika njiani kabla ya kumfikia mnunuzi. Ndiyo maana wachoraji wa mtindo huu hushughulikia picha kadhaa kwa zamu, moja ikikauka wakati nyingine ikichorwa, na hawafungi mzigo wa soko siku ileile waliyomaliza kupaka rangi.

Katika picha za Tingatinga mwenyewe mara nyingi alikuwapo mnyama mmoja, awe chui, tembo, twiga au ndege, akiwa amejaza ubao wote juu ya usuli usio na mapambo mengi. Alichora pia watu na maisha yao ya kila siku. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores kwa bei ambayo mpita njia aliweza kuimudu, na mkewe, Agatha Mataka, alikuwa msaidizi wake katika kuziuza. Baadaye alipata mnunuzi wa kudumu, nayo ni kampuni ya sanaa iliyokuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC), ambayo ilikuwa ikinunua kazi za wasanii wa nchini na kuziuza kwa wageni. Kwa msanii aliyezoea kutojua kama wiki ingepita na mauzo au bila mauzo, uhakika huo ulikuwa jambo kubwa.

Mahitaji yalipozidi uwezo wa mikono yake, Tingatinga hakuificha kazi. Aliwaita vijana, wengi wao wakiwa ndugu na jamaa kutoka kusini, akawafundisha kwa kuwaweka kando yake wakati akichora. Miongoni mwao walikuwamo January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Omari Amonde na Simon Mpata. Mpata baadaye alihamia Nairobi, na kazi zake zikapata wapenzi wengi nchini Japani.

Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi jijini Dar es Salaam, baada ya polisi kulidhania gari alimokuwamo kuwa la wahalifu. Alizikwa Msasani. Wanafunzi wake walikuwa wamejifunza kwa muda mfupi, na mtu aliyejulikana na wanunuzi hakuwapo tena. Kazi hiyo ingeweza kuishia hapo kama ujuzi ungekuwa wa mtu mmoja. Vijana wale waliendelea kuchora chini ya miti ya Oyster Bay, wakawafundisha ndugu zao, na mwaka 1990 chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga kikaanzishwa. Kituo chao kipo hadi leo karibu na palepale Morogoro Stores.

Warithi hao walibadilisha mengi kwa kufuata soko. Watalii wanaosafiri kwa ndege hawapendi kubeba ubao, hivyo picha nyingi sasa huchorwa kwenye kitambaa kilichowambwa kwenye fremu ya mbao. Picha ikishakauka hutolewa kwenye fremu, huviringishwa na kuwekwa ndani ya bomba la karatasi ngumu, tayari kwa safari. Sinia, sahani na masanduku madogo yaliyopambwa kwa mtindo huohuo huuzwa kwa wanunuzi wenye fedha kidogo. Wachoraji hupeleka mizigo yao pia katika Maonesho ya Sabasaba yanayofanyika kila mwaka Temeke, katika viwanja vya Barabara ya Kilwa, ambako kazi za mikono huwekwa mbele ya wananchi na wageni kwa pamoja.

Umaarufu huo umekuja na hasara. Picha zenye saini ya Tingatinga ambazo hakuzichora zimekuwa zikiuzwa baada ya kifo chake, na wachoraji wengi walio hai wameona kazi zao zikinakiliwa na kuuzwa bila majina yao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi ya msanii, yaani picha aliyoibuni mwenyewe, lakini mtindo wa kuchora hauwi mali ya mtu. Tofauti hiyo ina uzito kwa kila anayefungasha picha kwenda sokoni. Mtindo aliouanzisha Tingatinga uko wazi kwa wote, na uwazi huo ndio uliowapa kazi watu wa vizazi vilivyofuata. Picha ya kila mchoraji ni yake, na haki yake juu ya picha hiyo huwa rahisi kuithibitisha anapoweka saini na mwaka, akabaki na nakala ya picha hiyo na kumbukumbu ya mauzo, na kuisajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA).

Tingatinga hakuacha shule ya sanaa wala jengo lenye jina lake. Aliacha vijana wachache waliojua kukata ubao, kusubiri rangi ikauke na kumtambua mnunuzi, na kutoka kwao kazi ya Msasani ikaenea nchini kote na hadi nje ya mipaka ya Tanzania.